Kabla bwana afya hajafundisha, naye afunzwe kupanga

WENGI wetu tunalijua baraza la afya. Chifu hufungua kikao, mzee wa mtaa huitikia, kisha bwana afya husimama na kutoa yale yale aliyoyatoa jana katika kijiji cha pili: fyekeni nyasi, zikeni makopo, fukieni vidimbwi, chimbeni vyoo, laleni ndani ya neti. Watu hupiga makofi na kwenda zao. Baada ya mwezi mmoja homa iko pale pale, na ripoti inayopelekwa makao makuu husema kwamba wakazi ni wakaidi.

Lipo swali ambalo ripoti kama hiyo huliruka. Je, somo lenyewe lililenga kitu kilichokuwa kikiwaumiza watu wa mahali pale? Kupanga elimu ya afya ya mazingira ni kazi yenye hatua zake kama vile kushona kidonda au kuzalisha. Mhudumu wa afya hazaliwi akiijua. Hufunzwa, na asipofunzwa hubahatisha.

Katika kaunti ya Kilifi kuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko vitabuni. Mahali hapo ni Rabai.

Mbu wawili wa Rabai

Rabai iko vilimani nyuma ya Mombasa, karibu na Mazeras. Msomaji wa mjini aghalabu huijua kwa sababu ya Krapf, yule mmishonari Mjerumani aliyeanzisha kituo hapo mwaka 1846, au kwa minazi yake, au kwa misitu ya kaya ambayo mwaka 2008 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Wachache wanajua kwamba miongoni mwa wataalamu wa wadudu ulimwenguni jina la Rabai lina sifa nyingine. Linajulikana kwa mbu.

Mbu huyo huitwa Aedes aegypti. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huuma mchana. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, chikungunya na homa ya manjano. Katika miaka ya 1970 watafiti Milan Trpis na Werner Häusermann waligundua kwamba Rabai ilikuwa na mbu huyu wa aina mbili, wakiishi mwendo mfupi tu mmoja kutoka kwa mwenziwe. Wa kwanza, mwenye rangi iliyopauka kidogo, alizaliana ndani ya nyumba, katika mitungi ya udongo ya kuwekea maji. Wa pili, mweusi zaidi, alizaliana msituni katika matundu ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Watafiti waliwatia alama, wakawaachilia, kisha wakawatafuta tena. Wale wa mitungini waliingia majumbani. Wale wa msituni, karibu wote, walibaki nje.

Mwaka 2014 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliotumia mbu waliotoka huko huko Rabai. Mbu wa nyumbani akipewa kuchagua kati ya harufu ya mtu na harufu ya mnyama, humfuata mtu. Wa msituni humfuata mnyama. Wanasayansi hao walionyesha kwamba tofauti hiyo inahusiana na kipokezi kimoja cha harufu katika vipapasio vya mbu.

Msomaji atauliza: haya yanamhusu nini bwana afya anayetembea na baiskeli au pikipiki yake? Yanamhusu sana. Hebu fikiria lile somo la "fyekeni nyasi" likitolewa Rabai wakati ule. Nyasi zingefyekwa na mashimo kufukiwa, na mbu aliyekuwa akiwauma watoto angeendelea kuzaliana jikoni, katika mtungi ambao mama anaujaza maji kila asubuhi. Neti nayo, pamoja na faida zake zote dhidi ya malaria, haiwezi kumsaidia mtoto anayeumwa saa nne mchana akicheza barazani.

Kuna hatari kubwa zaidi. Bwana afya asiyepima angeweza kuutazama msitu wa kaya, akauona ni giza na unyevu, akatangaza kwamba mbu hutoka humo. Angegombana na wazee wa kaya bila sababu, na siku nyingine akija kuzungumzia kipindupindu hakuna ambaye angemsikiliza.

Hata jambo la kumwaga maji lina siri yake. Mbu huyu hatagi juu ya maji. Hubandika mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipofikia, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Mama akimwaga maji na kujaza mapya, mayai hulowa na kuanguliwa. Kwa hiyo anayesema "mwageni maji" amesema nusu tu ya jambo. Chombo hakina budi kusuguliwa ndani kwa brashi, kitambaa kigumu au kumbi la nazi, angalau mara moja kwa wiki, kwa maana katika joto la Pwani yai huweza kuwa mbu kamili katika siku saba hadi kumi.

Magonjwa haya si mageni kwetu. Neno kidingapopo, ambalo ndilo jina la Kiswahili la homa ya dengi, ni la zamani. Daktari James Christie aliyekuwa Unguja mwaka 1870 aliandika kwamba wazee wa huko walilikumbuka tangu mlipuko wa mwaka 1823, ingawa wataalamu wa leo wanashuku kwamba yale yalikuwa chikungunya. Chikungunya yenyewe ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 katika nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mahali ambapo maji ni shida na watu waliyahifadhi majumbani. Kumbe ni mtungi ule ule.

Na hapa Mombasa, mji ulio chini ya vilima vya Rabai, homa ya dengi ililipuka mwaka 2013, na chikungunya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2017. Hakuna dawa mahususi ya kuua virusi vya ugonjwa wowote kati ya hayo mawili. Anayeugua hutulizwa maumivu na kunyweshwa maji ya kutosha. Kinga ni kumzuia mbu, na kumzuia mbu ni suala la mazingira.

Mbu si mmoja

Msomaji asidhani kwamba mtungi ndio jibu la kila mahali. Makosa ya mpango mbaya huanzia hapo, pale mtu anapochukua jibu la Rabai na kulipeleka Malindi.

Malindi ni mji wa watalii. Watafiti walipochunguza mahali mbu wa malaria, yaani Anopheles, wanapozaliana mjini humo, walikuta viluwiluwi katika mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa bila kutumiwa. Wenye mabwawa hayo hawahudhurii mabaraza ya chifu. Bwana afya anaweza kuwahutubia wakazi wa mitaa ya maskini mwaka mzima na asimfikie hata mmoja mwenye ufunguo wa lango. Ndiyo maana kundi la wakazi lililojiita Punguza Mbu na Malaria Malindi, kwa kifupi PUMMA, liliundwa kwa njia nyingine. Watu wa kawaida walifundishwa kuwatambua viluwiluwi na kuvitafuta vyanzo vyao wenyewe, mtaa kwa mtaa.

Kisha kuna Culex, yule wa mlio wa usiku, ambaye hupenda maji machafu ya vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka. Huyu huchangia kueneza matende na mabusha, ugonjwa ambao nchini Kenya uko Pwani, na ambao mpango wa kitaifa wa kuumaliza ulianzia Kilifi mwaka 2002 kwa kugawa dawa. Unguja, kijijini Makunduchi, katika miaka ya 1980 walijaribu jambo la ajabu kidogo. Walimwaga vipunje vyepesi vya plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo. Vipunje vilielea, vikaufunika uso wa maji, na viluwiluwi vikakosa hewa. Pamoja na dawa walizopewa wakazi, mbu na vimelea vyote viwili vilipungua sana.

Ukiwaweka mbu hawa watatu pamoja utaona tatizo la mwalimu wa afya. Mmoja yuko mtungini, wa pili katika bwawa la mwenye nyumba ya kifahari, wa tatu chooni. Neno "mbu" ni moja, lakini masomo ni matatu, na kila moja lina msikilizaji wake.

Kutoka ukaguzi hadi elimu

Ili kuelewa kwa nini watumishi wengi wa afya bado hawapangi, inafaa kukumbuka kazi yao ilianzia wapi. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, ambayo mizizi yake ni ya enzi za ukoloni, ina sehemu nzima kuhusu kuzuia na kuangamiza mbu. Chombo chenye viluwiluwi ni kero mbele ya sheria hiyo, na mwenye nyumba anaweza kushtakiwa. Bwana afya alilelewa katika kazi ya ukaguzi. Alikuja na daftari, akaingia hotelini au uani, akaandika kosa. Mpaka leo kuna wenye vibanda vya chakula ambao wakimwona kwa mbali hufunga mlango.

Ukaguzi una mahali pake, na mwenye kuuza nyama isiyopimwa hahitaji semina. Lakini huwezi kumshtaki mama wa Rabai kwa sababu ya mtungi wa maji ya kunywa, hasa kama bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki.

Mabadiliko yalikuja polepole. Katika miaka ya 1970 Kenya ilianzisha vituo vya mafunzo ya afya mashambani, kama Chulaimbo, Mosoriot na, kwa upande wa Pwani, Tiwi katika Kwale. Nia yake ilikuwa wauguzi, matabibu na maafisa wa afya wajifunze kazi pamoja karibu na vijiji, badala ya kila mmoja kufunzwa peke yake hospitalini. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulipotaja mambo manane ya afya ya msingi, la kwanza katika orodha lilikuwa elimu juu ya matatizo ya afya yaliyopo mahali na njia za kuyazuia. Angalia maneno hayo: yaliyopo mahali. Katika miaka ya 1990 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizojaribu njia iitwayo PHAST, ambayo humpa mwanakijiji picha azipange mwenyewe ili aone uchafu unavyosafiri kutoka kichakani hadi mdomoni. Baadaye Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili maafisa wa afya ya umma na kusimamia mafunzo yao.

Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna lililofanywa. Tatizo ni kwamba mengi kati ya mafunzo humwonyesha mtumishi cha kusema, na machache humwonyesha namna ya kujua kinachofaa kusemwa.

Maswali matatu

Mwaka 1974 Mmarekani Lawrence Green alitoa utaratibu wa kupanga elimu ya afya ambao hadi sasa unafundishwa katika vyuo vingi. Una hatua nyingi, lakini kiini chake mtu anaweza kukieleza chini ya mwembe. Ukiona watu hawafanyi jambo la afya, uliza mambo matatu. Je, wanalijua na kuliamini? Je, wanacho cha kulifanyia, yaani fedha, maji, kifaa, njia? Na je, yupo wa kuwaunga mkono wakilifanya, au watachekwa na kukemewa?

Mhubiri wa afya hushughulika na la kwanza tu. Huamini kwamba watu hawajui, basi huwaambia. Lakini mara nyingi watu wanajua.

Mfano mzuri ni wa neti. Kati ya mwaka 1993 na 1995 jaribio kubwa lilifanywa Kilifi la kuwapa watu neti zilizotiwa dawa. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa hospitalini kwa ajili ya malaria kali kwa asilimia 44. Wazazi walijionea wenyewe. Hata hivyo, neti za wakati ule zilihitaji kutiwa dawa tena kila baada ya miezi kadhaa, na watu walipotakiwa kulipia huduma hiyo idadi ya waliozileta ilishuka vibaya. Hakuna aliyekuwa amesahau somo. Kilichobadilika ni swali la pili, lile la uwezo. Mtu angewahutubia wakazi hao juu ya hatari ya malaria kwa miaka kumi na asingepata neti moja zaidi.

Lugha nayo yataka kupimwa. Pwani, neno homa hutumika kwa joto lolote la mwili, na mtoto akishikwa na degedege wako wanaosema ni nyuni, jambo la mganga na si la hospitali. Tangazo lisemalo "homa ni hatari, mpeleke mtoto hospitalini" linaweza kumpita kabisa mama ambaye mtoto wake anatupa miguu na kugeuza macho. Kwake yeye hiyo si homa. Mwalimu aliyejifunza kupanga hulijaribu tangazo lake kwa akina mama wachache kabla ya kulichapa, awaulize wamesikia nini. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kisa cha Jaribuni

Kuhusu vyoo, Kilifi ina kisa kinachojulikana nchini kote. Mwaka 2007 shirika la Plan lilileta katika wilaya hiyo njia iliyobuniwa na Kamal Kar, mtaalamu kutoka India, alipokuwa akifanya kazi Bangladesh karibu na mwaka 2000. Kabla ya hapo mashirika mengi yalikuwa yakigawa saruji na slabu bure. Vyoo vilijengwa, vikatumiwa kama ghala au banda la kuku, na watu wakaendelea kwenda vichakani.

Njia hiyo mpya inamkataza mtumishi kufundisha. Anafika kijijini na kuwaomba watu wachore ramani ya kijiji chao ardhini, kwa majivu na majani, kila mmoja aonyeshe nyumba yake na mahali anapojisaidia. Halafu wote hutembea hadi pale. Wanasimama kwenye kinyesi, na mgeni haharakishi kuondoka. Baadaye hutolewa maji safi ya kunywa, unywele mmoja huguswa kwenye kinyesi na kutumbukizwa ndani ya gilasi, na watu huulizwa nani atakunywa. Hakuna anayekubali. Kisha huulizwa nzi ana miguu mingapi.

Kijiji cha Jaribuni kilikuwa cha kwanza nchini kutangazwa kuwa hakuna tena anayejisaidia ovyo, mwaka huo huo wa 2007. Miaka minne baadaye, mwaka 2011, serikali iliifanya njia hiyo kuwa kampeni ya kitaifa ya mashambani.

Mimi nina shaka kidogo na aibu kama chombo cha kufundishia, maana anayeaibika zaidi ni yule maskini asiye na nguvu za kuchimba: ajuza, mlemavu, mjane. Na aibu hupoa. Lakini jambo moja njia hii imelithibitisha, nalo ni kwamba mtumishi aliyefunzwa kuuliza amepata katika siku moja kile ambacho hotuba za miaka mingi hazikupata.

Isitoshe, kuuliza hufichua vizuizi ambavyo hakuna mtu wa mjini angevidhania. Katika sehemu nyingi za Pwani ni mwiko baba mkwe na mke wa mwanawe kutumia choo kimoja. Boma lenye choo kimoja kipya na kizuri bado litakuwa na mtu anayekwenda kichakani, na si kwa ujinga bali kwa heshima. Upande wa Rabai na Mazeras kuna kizuizi kingine kilicho chini ya nyayo. Huko ndiko yanakotoka yale mawe ya Mazeras tunayotandaza katika nyua zetu mjini. Kumwambia mtu achimbe shimo refu juu ya mwamba, bila kumwonyesha namna nyingine ya kujenga, ni kumtuma kazi isiyowezekana.

Darasa lingekuwaje?

Tuseme kituo kimoja cha afya upande wa Rabai kimeamua kuwafunza watumishi wake kupanga, na ugonjwa uliochaguliwa ni homa ya dengi. Darasa zuri halingeanzia ukumbini. Siku ya kwanza wangekwenda nyumba 100, kwa ruhusa ya wenyewe, na kuangalia kila chombo chenye maji kwa tochi. Pipa, mtungi, ndoo, gurudumu kuukuu, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya maua. Wangeandika nyumba ngapi zina viluwiluwi na katika chombo gani. Nyumba 30 zikiwa navyo, kipimo ni 30, na hiyo ndiyo namba watakayoitafuta tena baada ya miezi mitatu.

Huenda wangepata jambo lisilotarajiwa. Watafiti waliorudi Rabai miaka ya karibuni wamesema kwamba yule mbu wa mitungini hapatikani tena kama zamani, na sababu inayotajwa ni kwamba maji ya bomba yamepunguza desturi ya kuhifadhi maji ndani kwa muda mrefu. Ikiwa ndivyo, bomba limefanya kazi ambayo mabaraza yasingeweza. Na bomba likikauka, mapipa ya plastiki yatarudi mahali pa mitungi. Mtumishi mwenye kitabu cha mwaka 1975 angepoteza muda akitafuta mitungi ya udongo, huku viluwiluwi viko katika pipa nyuma ya nyumba.

Siku ya pili wangekaa na wanaoteka maji. Barazani mbele hukaa wanaume, lakini chombo cha maji aghalabu ni cha mwanamke. Mradi wa pampu za mkono wa Kwale katika miaka ya 1980 ulilijua hilo. Shirika la KWAHO liliwafunza wanawake wa vijijini wakaunda kamati zao na kuzitunza pampu wenyewe. Rabai maswali yangekuwa madogo madogo: maji huja siku gani, hukaa siku ngapi, kwa nini pipa halina kifuniko, nani huliosha na lini. Pengine jibu lingekuwa kwamba pipa la lita 200 likijaa haliwezi kuinamishwa na mtu mmoja. Basi somo la "osheni mapipa" linahitaji siku ambayo pipa liko tupu, na siku hiyo ni ile ya kabla ya maji kuja.

Hapo ndipo mpango ungeandikwa, na ungekuwa mfupi. Tendo moja, si kumi: kusugua ukingo wa ndani wa pipa siku ya kabla ya maji, kisha kulifunika kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Msemaji angekuwa yule ambaye akina mama wenyewe wamemtaja. Fedha kidogo zilizopo zingenunua brashi badala ya fulana zenye maandishi. Ningependa kuona bajeti moja ya afya ya umma isiyo na fulana.

Nyumba 100 kwa mtu mmoja

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko wakati wowote. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walikabidhiwa mikoba na vifaa nchini kote, na mwezi uliofuata Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 ikatiwa sahihi. Kwa utaratibu uliowekwa, mhudumu mmoja hupewa kama nyumba 100.

Hao ndio wanaobisha hodi. Lakini anayeamua watasema nini mlangoni ni afisa aliye juu yao, na hapo ndipo mafunzo ya kupanga yanapookoa au kupoteza. Afisa akikosea, kosa lake hubebwa na wahudumu kumi hadi nyumba 1,000 katika wiki moja. Akipatia, kadhalika.

Wenye kusimamia fedha nao wana lao la kujibu. Mara nyingi ripoti ya elimu ya afya hupimwa kwa idadi ya watu waliohudhuria, sahihi zao zikiambatishwa. Watu 240 walihudhuria: je, mapipa mangapi yalisuguliwa? Afisa anayepimwa kwa sahihi ataitisha mabaraza. Anayepimwa kwa viluwiluwi atatembea nyumba kwa nyumba, na atahitaji siku zaidi, tochi na nauli.

Msomaji wa Mombasa, Nairobi au Kisumu anaweza kudhani haya ni mambo ya mashambani. Lakini mgao wa maji uko mjini pia, na matangi, mapipa na ndoo zimejaa katika vyumba vyetu na vibarazani. Mbu wa mchana hupatana sana na mji. Mhudumu aliyefunzwa vizuri akifika kwako hataanza kwa kuhutubu. Atauliza maji huja siku gani, ataomba kuliona pipa, na tochi yake itamulika ukingo wa ndani, vidole viwili juu ya maji.